Makro au bloku ya vitendo: ipi inafaa kwa kazi inayojirudia?

Nahodha wa Shela

Assalamu alaikum. Mimi huvusha wageni kwa boti baina ya Mokowe, Manda na mji wa Lamu, na simu yangu ina MacroDroid, programu ya kuifanya simu itende kazi yenyewe. Nimetengeneza makro tatu, yaani mipangilio ya vitendo, moja kwa kila gati: simu ikifika kwenye gati, hutuma arafa kwa mpokeaji wa wageni, huandika saa katika faili la safari, kisha huongeza sauti ya mlio. Vitendo ni vile vile, jina la gati tu ndilo hubadilika. Juzi mpokeaji alibadilisha nambari. Nikairekebisha katika makro mbili, ile ya Manda nikaisahau, na wageni wakakaa juani muda mrefu bila wa kuwapokea. Jambo hili limeniuma. Je, bloku ya vitendo ingenikinga, au ni makro kwa jina jengine?

Mkaazi wa Langoni

Waalaikumu salamu, nahodha. Tofauti ipo, na ni kubwa. Makro ina kichochezi, yaani tukio linaloiamsha, kama vile kufika mahali au kutimia saa fulani. Bloku haina kichochezi, kwa hiyo haiamki yenyewe, bali hungoja kuitwa na makro, na inapoitwa hupokea thamani kutoka kwa makro hiyo. Weka ndani yake kigeu (nafasi yenye jina inayoshika thamani) cha kupokelea kiitwacho "gati", kisha kila makro ipeleke jina lake. Makro zako tatu zitabaki, kila moja na kichochezi chake na mstari mmoja wa kuita bloku, na nambari ya simu itakaa mahali pamoja tu.

Fundi wa Mkomani

Nakubaliana na ndugu yangu. Unaweza pia kuifanya makro moja iite nyengine na kupitisha jina kwa kigeu cha jumla, kinachoonekana na makro zote, lakini mbili zikiamka kwa kukaribiana, ya pili huweza kulifuta jina la ya kwanza kabla halijasomwa, na Manda haiko mbali na gati la mjini. Wanaotumia Tasker, programu nyengine ya aina hii, wanalijua wazo hili la bloku: huko kazi moja huiita nyengine na kuipa thamani kupitia vigeu viitwavyo %par1 na %par2.

Sauti ya mlio, hata hivyo, nisingeitia ndani ya bloku. Mokowe penye makelele unaihitaji. Mjini wakati wa Magharibi, watu wakiwa msikitini, huna haja nayo.

Nahodha wa Shela

Ahsanteni sana. Arafa na faili nimevitia katika bloku, sauti nimeiacha katika makro ya Mokowe peke yake. Kesho asubuhi nitaijaribu kwanza Manda.