Mjadala: Hoja za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) zifike kwenye kamati kabla ya bajeti ya barabara, maji na umeme, au tuendelee kusubiri Novemba?

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila Aprili linawaka wiki mbili kisha linazimika mpaka mwaka unaofuata.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kamati za Bunge zinazopitisha fedha za ujenzi, uchukuzi, maji na nishati zisiguse makadirio ya wizara yoyote kabla hazijawekewa mezani hoja za ukaguzi ambazo wizara hiyo na taasisi zake hazijazifunga. Najua wapo wanaoona utaratibu wa sasa unatosha, na wana sababu zao. Nitazigusa.

Tuanze na kalenda, kwa sababu ugonjwa uko hapo. Chukueni mwaka wa fedha 2021/22. Ulifungwa tarehe 30 Juni 2022. CAG akamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi 2023, ikawekwa mezani Bungeni mwanzoni mwa Aprili, halafu Bunge likaijadili Novemba 2023 baada ya PAC (Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali) na LAAC (ya Hesabu za Serikali za Mitaa) kumaliza kazi yao. Tangu mwaka ule ufungwe hadi wabunge wanasimama kuchangia, imepita miezi 16. Katikati hapo bajeti ya 2023/24 ilishapitishwa, na taasisi zilezile zenye hoja zikapewa fedha nyingine.

Kinachoniumiza zaidi ni Machi. Kamati za kisekta zinakaa Dodoma mwezi huo kupitia makadirio ya wizara, wakati ripoti ya CAG haijafika Bungeni. Kwa hiyo kamati inayotakiwa kujua barabara gani imechelewa na kwa nini inakubali fungu la wizara bila kuona alichokiona mkaguzi. Anayetoa fedha ni kamati moja, anayesoma hesabu ni kamati nyingine, na wanakutana miezi minane baadaye fedha ikiwa imeshaanza kutumika.

Wapo watakaosema Serikali haisubiri Novemba kuchukua hatua. Ni kweli. Aprili 2023, siku chache tu baada ya ripoti kutoka, Rais alivunja bodi ya Shirika la Reli. Mimi naliona hilo kama hoja ya upande wangu. Ikulu iliona kuna jambo la kuamuliwa Aprili, basi na Bunge lenye dhamana ya kuisimamia Serikali liwe na nafasi ya kusema neno Aprili hiyohiyo.

Sasa niwaonyeshe fedha inavyopotea bila mtu kuiba hata senti, maana hapa ndipo mijadala yetu inapopwaya. Tunatafuta mwizi tu. Mkandarasi wa barabara akimaliza kipande cha kazi anaandaa hati ya madai. Mhandisi mshauri anapima, anakagua, anaipitisha. Mkataba unampa mwajiri siku maalumu za kulipa. Hati inatoka kwa wakala wa barabara kwenda wizarani, inaenda Hazina, inakaa foleni kwa sababu fedha haijatoka. Siku zikipita, riba inaanza kuhesabiwa kwa mujibu wa mkataba. Hati ya pili inakuja, nayo inakaa. Mkandarasi anapunguza kasi au anaondoa mitambo, anaomba nyongeza ya muda, na nyongeza hiyo nayo inakuja na madai yake. Mwisho wa siku mlipakodi amelipia lami pamoja na riba ya lami, na ukikagua vitabu utakuta kila malipo yana nyaraka zake. Hesabu zinapata hati safi.

Hilo la hati safi tulishike vizuri. Hati safi inasema hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango. Haisemi kwamba barabara ilijengwa kwa bei inayostahili, wala kwamba maji yanatoka. Kuna miradi ya maji vijijini ambayo kwenye karatasi imekamilika, tenki lipo, bomba limelazwa, vituo vya kuchotea vimejengwa kwa zege zuri, na koki ni kavu kwa sababu chanzo hakikupimwa vizuri au pampu ilikufa na jumuiya ya watumia maji haina fedha ya kuitengeneza. RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, iliundwa kwa Sheria ya mwaka 2019 ili kushika jambo hilihili. Swali la kamati mwezi Machi lingekuwa jepesi tu: miradi mliyotuambia mwaka jana imekamilika, mingapi inatoa maji leo? Kama jibu halipo, fedha ya miradi mipya inaombwa kwa msingi gani?

Wengi mtanikumbusha kashfa mbili za umeme, Richmond na Escrow, kwamba Bunge letu liliwahi kufanya kazi. Ndiyo, na tuliona fahari. Kamati Teule ya Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake Februari 2008 na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Novemba 2014 PAC chini ya Zitto Kabwe na makamu wake marehemu Deo Filikunjombe ikaleta ripoti ya akaunti ya Tegeta Escrow, Bunge likapitisha maazimio, Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, na mawaziri wawili nao wakaondoka kwenye nafasi zao, mmoja kwa kutenguliwa, mwingine kwa kujiuzulu. Lakini angalieni tarehe. Mkataba wa Richmond ulisainiwa 2006. Fedha za Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300, zilitoka Benki Kuu mwishoni mwa 2013. Mkataba wa IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, uliozaa sakata hilo la Escrow ni wa miaka ya tisini. Kamati zilifika kwenye matanga zikatafuta nani wa kulaumiwa. Watu waliwajibika, na bili ya umeme ikabaki kwetu.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la haki: afisa masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi, hajajibu, utamhukumuje Aprili? Lakini mkaguzi haandiki hoja gizani. Menejimenti inapelekewa hoja, inapewa muda wa kujibu, kunakuwa na kikao cha kufunga ukaguzi, na majibu yao huingia kwenye taarifa. Kinachobaki kwenye ripoti ni kile ambacho majibu hayakutosha. Na mimi sisemi mjadala mzima uhamie Aprili. PAC ibaki na Novemba yake, iite watu, ichambue. Ninachotaka ni jedwali la kurasa mbili au tatu kwa kila fungu, kuanzia na hoja za miaka ya nyuma ambazo hazihitaji ripoti mpya: ilianza mwaka gani, inahusu kiasi gani, wizara iliahidi nini, imefikia wapi. Hizo hata Machi zipo tayari.

Wenzetu Kenya walilipeleka suala la muda mpaka kwenye Katiba. Ibara ya 229 ya Katiba yao ya 2010 inamtaka Mkaguzi Mkuu amalize ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa, na Bunge lijadili ndani ya miezi mitatu. Je, wanatekeleza? Si kila mara. Kamati zao zimewahi kujikuta zikishughulikia hesabu za miaka kadhaa nyuma. Ila mwananchi wa kule ana kifungu cha kushika anapouliza, sisi kwenye muda wa Bunge kujadili tuna mazoea.

Nyongeza baada ya kusoma michango yenu:

Kaka uliyesema wabunge si wahandisi na watawatisha wawekezaji, nakuelewa, ila hakuna anayemtaka mbunge apime unene wa lami. CAG anao wakaguzi wa kiufundi na anafanya ukaguzi wa ufanisi, kazi ya kamati ni kuuliza kwa kutumia walichokipata. Na mkandarasi anayelipwa kwa wakati hatishwi na kamati. Anayetishwa ni yule anayedai mwaka mzima.

Dada uliyeandika kwamba chama chenye wabunge wengi kitapitisha tu hata jedwali likiwepo, hapo umenigusa, kwa sababu ni kweli kura zinajulikana. Lakini fikiria Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi. Mbunge anashika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani anazuia usipite mpaka ajibiwe, anapewa dakika chache, waziri anajibu kwa jumla "Serikali inalifanyia kazi," shilingi inaachiwa. Muda ukiisha mafungu yanapita kwa gilotini, yaani kwa mkupuo bila swali. Sasa mpe mbunge huyohuyo, awe wa chama chochote, karatasi inayosema hoja hii ina miaka minne na ahadi ilikuwa Desemba iliyopita. Waziri itambidi ataje tarehe, na tarehe hiyo itaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Mwaka unaofuata mwandishi wa habari, mwanaharakati au mpinzani wa jimboni atakuwa na kitu cha kumuuliza. Hata mbunge wa chama tawala anaogopa kuulizwa jimboni kwake kuhusu daraja.

Ninaomba wachangie hasa wale mliowahi kukaa upande wa pili wa meza: wahasibu wa halmashauri, watu wa manunuzi, mliojibu hoja za mkaguzi usiku kucha kabla ya kikao cha LAAC. Hoja ya miaka mitatu nyuma huwa inafungwaje kwenu, kwa kazi kufanyika au kwa nyaraka kupatikana? Na kama kamati ingekuwa na jedwali hilo Machi, mngejibu tofauti?