Naomba ushauri: mama anachanganya unga wa mlonge na vidonge vya sukari

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 61, yuko Chamwino, anaishi na kisukari cha aina ya pili mwaka wa nne sasa. Anameza vidonge viwili vya kushusha sukari, metformin na glibenclamide. Jirani alimwambia mlonge unashusha sukari, basi kila asubuhi anaweka vijiko viwili vya unga wake kwenye uji wa uwele.

Juzi alfajiri nilimkuta kwenye kigoda, kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka hata kikombe hakishikiki. Kupima sukari: 3.1 mmol/L, imeshuka mno. Nikamkorogea maji ya sukari, baada ya robo saa akatulia. Niliogopa sana.

Vyakula vyetu sivipingi. Ule utelezi wa mlenda ni nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu, na hata metformin chimbuko lake ni mmea uitwao galega. Ila glibenclamide inasukuma kongosho itoe insulini hata kama hujala, ndiyo maana nahofia kuiongezea kitu kingine cha kushusha. Sasa mama anataka aache vidonge abaki na mlonge tu. Hilo silikubali kabisa.

Kliniki ni wiki ijayo. Aliyeuguza mzazi wa hivi, ulimshawishije amweleze daktari ukweli kuhusu mlonge? Mama anaogopa kugombezwa. Na ugali wa uwele mnampimia kiasi gani kwa mlo mmoja? Halafu anauza zabibu, anadonoa kutwa nzima. Nimkataze kabisa au kuna kiasi?