Uamsho, dini na siasa: nani alikosea?

Kijana wa Fuoni: Asalaam alaykum. Jana barazani tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwaka 2012 Uamsho, ile jumuiya ya mihadhara ya Kiislamu hapa Zanzibar, walitoka kwenye darsa za kawaida wakawa wanadai kura ya maoni kuhusu Muungano. Wanaowapinga wanasema hapo waliacha dini wakaingia siasa. Wenyewe wakisema Uislamu ni maisha yote, na mtu kusimamia haki ya nchi yake ni sehemu ya dini. Mie kwa hilo niko na Uamsho. Nyie mwasemaje?

Ngalawa ya Mkoani: Wa alaykum salaam. Mimi nasema walikosea. Mgombea akisema uongo namwambia umesema uongo na nakwenda zangu. Sheikh akiingiza Muungano kwenye waadhi wake nani atasimama ambishie, si ataonekana anaipinga dini? Halafu mwaka ule ule, nafikiri Oktoba, makanisa yakachomwa moto. Na ule umati msitwambie ulikuwa na maana, wanawake walikuwa wanapakiwa tu kwenye magari, hata hawajui wanakwenda kusikiliza nini.

Babu wa Darajani: Makanisa ilikuwa Mei bwana, Oktoba ni pale alipopotea Sheikh Farid, kiongozi wa Uamsho, mji ukachafuka. Na Uamsho walikana kuhusika na makanisa. Mashekhe wakakamatwa, wakapelekwa bara kwa kesi ya ugaidi, Juni 2021 kesi ikafutwa wakarudi kwao bila ya hukumu yoyote. Hilo mbona hulitaji? Na kama ni kuchanganya dini na siasa, Mufti anateuliwa na Rais kwa sheria ya 2001. Zanzibar tumeingia OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, 1992, na 1993 tukatoka, kwani waliokaa wakaamua ni maimamu?

Binti Michenzani: Ngoja Babu, samahani, ya Mufti tutarudi. Ngalawa, kapakiwa nani? Mie nimekwenda Mbuyuni kwenye mihadhara yao kwa miguu yangu, na mama, mkeka kwapani, na tulikuwa tukirudi nyumbani tunabishana njia nzima yale tuliyoyasikia. Mama hakubaliani na Uamsho mpaka leo, mie nilikubaliana nao kwenye kura ya maoni. Sasa hapo nani hajui alichokwenda kusikiliza?

Ngalawa ya Mkoani: Basi dada yangu nisamehe, sikukukusudia wewe. Nimesema niliyoyaona huku Pemba.

Binti Michenzani: Hujanikusudia mie umemkusudia mwengine kama mie. Na ntakwambia kinachoniuma. Siku zote nilizokwenda nimesikia Muungano, nimesikia nguo za watalii, wallahi sikusikia hata siku moja habari ya mwanamke aliepewa talaka kwa simu na watoto wanne, hana pa kulala. Kama dini ni maisha yote na hayo si maisha?

Kijana wa Fuoni: Dada hoja yako ina uzito lakini suala langu lilikuwa Muungano.

Binti Michenzani: Na mie nakujibu hilo hilo. Nyumba tumejenga pamoja mie na aliekuwa mume wangu, matofali nimenunua kwa pesa za upatu, leo nimetoka na begi la nguo.

Babu wa Darajani: Pole sana mwanangu. Umekwenda kwa kadhi? Maana sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 inamruhusu kadhi kugawa mali ya wanandoa, ila uoneshe ulichochangia.

Ngalawa ya Mkoani: Hapo ndo penye kazi, mie nna dada yangu huku, alidaiwa risiti. Nani anaweka risiti ya mchanga na mumewe?

Binti Michenzani: Na upatu hauna risiti. Nilipokea zamu yangu mkononi, asubuhi yake gari la matofali likaja.

Babu wa Darajani: Kijumbe wenu wa upatu hana daftari?

Binti Michenzani: Analo, na jina langu limo na tarehe.

Babu wa Darajani: Basi lichukue hilo daftari, na kijumbe mwenyewe aje aseme, na alieleta matofali kama yuko hai. Usende peke yako. Nna mtu wangu anaezijua kesi hizi, ntamuuliza kesho baada ya laasiri.

Ngalawa ya Mkoani: Babu akikujibu weka hapa hapa, dada yangu nae analo daftari.