Bibi hajawahi kuanguka, ila anaogopa kutembea

Muuliza: Wakuu, bibi ana miaka 76. Siku hizi anatembea kwa kushika ukuta, hata kanisani haendi. Hofu hii inatoka wapi, na tuanzie wapi?

Mtaalamu wa viungo: Hofu huja hata bila kuanguka. Mtoto wa jicho, magoti yanayouma, ganzi ya nyayo kwa wenye kisukari, kizunguzungu, sonona: vyote huichochea. Ubaya ni kwamba asipotembea, misuli ya mapaja husinyaa, na hapo kuanguka kunakuwa karibu kweli. Mpime: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi aketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko hatarini. Simama karibu naye.

Muuguzi: Naongezea presha. Alale dakika 5, pima; asimame, pima tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, peleka dawa zake zote kwa daktari, hasa za presha na za usingizi. Msimwachishe wenyewe, tafadhali.

Muuliza: Asanteni. Fimbo yake inamfika kiunoni, ni sawa?

Mtaalamu wa viungo: Hapana, ndefu hiyo, inampandisha bega. Akiwa amevaa viatu, mikono ikining'inia, mpini uishie kwenye mkunjo wa kiganja na mkono. Aishike upande wa mguu wenye nguvu. Angalia mpira wa chini: ukilika ukawa laini, huteleza kwenye vigae vilivyolowa. Na ile "kaa tu bibi, utaanguka" iacheni kabisa, inaikuza hofu.