Dawa za vidonda vya tumbo zinagoma. Antibayotiki zisiuzwe bila cheti cha daktari, mnasemaje?

Mama Kulwa: Wakuu habari za usiku. Nimetibiwa H. pylori, wale bakteria wa vidonda vya tumbo, mara tatu ndani ya miaka miwili, ule mchanganyiko wa klarithromaisini, amoksilini na omeprazo, siku 14 bila kuruka, na kila nikipima choo bado wamo. Daktari wa mwisho kaniuliza kitu kimoja tu, mama ukishikwa na kifua unameza nini? Nikamwambia Azuma, ile azithromaisini. Akasema Azuma na klarithromaisini ni ukoo mmoja, bakteria akishaizoea moja na ya pili haimtishi. Na mimi Azuma naimeza tangu sekondari kama pipi! Sasa ziuzwe kwa cheti tu au?

Kijana wa Tabata: Kwa cheti tu. Wanaotumaliza ni hao wauza duka la dawa, hawajui chochote zaidi ya kuhesabu hela.

Asha Dukani: Kaka umenigusa pabaya. Mimi nina mafunzo na nina miaka sita dukani. Mwezi uliopita kaja mzee mmoja fundi baiskeli, mikono ina grisi, kashika tumbo, kaweka elfu mbili kwenye kaunta. Namwambia baba hii ni dozi ya siku 14, haikatwi. Ananiambia mwanangu nikatie ya leo na kesho, nikipata nitarudi. Mkasi ninao mkononi. Ungefanyaje wewe?

Kijana wa Tabata: Jibu swali, ulimkatia hukumkatia?

Asha Dukani: Nilimkatia. Hajarudi mpaka leo na roho inaniuma.

Mtu wa Mbeya: Mnabishana dukani wakati hawa bakteria wengi tunawapata utotoni, nyumbani humo humo. Wale bibi wanaotafuna chakula ndo wamlishe mtoto wanachangia sana.

Mjukuu wa Bibi: Wee bibi yangu usimguse kabisa! Mama alifariki nikiwa mchanga, bibi ndo kanitafunia muhogo mpaka nikaota meno. Leo unamwita mwambukizaji?

Mtu wa Mbeya: Sijamtaja bibi yako dada. Nasema ni mdomo kwa mdomo, uchafu na maji. Yule daktari Marshall wa Australia si aliwanywa mwenyewe hao bakteria akaugua, 1994 kama sikosei.

Niko Mwaka wa Nne: Ni 1984 kaka. 1994 ndo WHO walitangaza kwamba wanasababisha saratani ya tumbo. Nobel, Marshall na mwenzake Warren wamepata 2005.

Mjukuu wa Bibi: Nobel haihusiani. Aombe radhi.

Mama Kulwa: Jamani mada yangu…

Niko Mwaka wa Nne: Mama Kulwa, 2017 WHO waliwaweka H. pylori sugu kwa klarithromaisini kwenye orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya. Orodha ya 2024 wametolewa, ila usugu upo palepale. Miongozo inasema ukizidi asilimia 15 mahali, klarithromaisini usimpe mtu bila kupima kama itamsaidia. Kuna mchanganyiko wa dawa nne wenye bismathi, tetrasaiklini na Flagyl, muulize daktari wako. Na kurudia kipimo subiri wiki nne baada ya antibayotiki, omeprazo uache wiki mbili kabla.

Kijana wa Tabata: Mimi nimepima damu baada ya dozi bado positivu, nikanunua dozi nyingine.

Niko Mwaka wa Nne: Damu inaweza kukaa positivu muda mrefu hata umeshapona! Umemeza antibayotiki bila kujua kama unazihitaji.

Asha Dukani: Na uliinunua kwa cheti?

Kijana wa Tabata: …Hapana. Kumwona daktari tu ni hela, na kipimo hela nyingine, hapo dawa sijanunua.

Asha Dukani: Basi na yule mzee hivyo hivyo kaka yangu. Cheti angekitoa wapi na elfu mbili?

Mjukuu wa Bibi: Mtu wa Mbeya bado nakusubiri.