Programu za hesabu za nyumbani na eskro: mnatuharibia vitabu kila mwaka!

Wakuu, hasa mlio Marekani na mnalipa mkopo wa nyumba, hili tuliseme bila kupepesa macho. Programu hizi za fedha za nyumbani, tena za kulipia kila mwaka, zinajua kuchora chati za kila rangi, lakini ikija barua ya kila mwaka ya eskro (akaunti ya kodi na bima ya nyumba inayoshikwa na msimamizi wa mkopo), inayobadilisha malipo ya mwezi, zinavuruga hesabu yote. Ukiwauliza huduma kwa wateja, jibu ni lile lile: "Badilisha tu kiasi cha malipo ya mwezi." Ushauri mbovu kuliko huo sijauona.

Kwa walioko Bongo, mliozoea kodi ya jengo kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: huku Marekani msimamizi wa mkopo, yaani kampuni inayopokea malipo yako, hukusanya kila mwezi sehemu ya 12 ya kodi ya nyumba na bima ya mwaka, anaiweka kwenye eskro, halafu yeye ndiye anayewalipa kaunti (serikali ya eneo, inayodai kodi ya nyumba) na kampuni ya bima. Mara moja kwa mwaka lazima apige hesabu upya. Kanuni za RESPA, sheria ya Marekani ya 1974 kuhusu mikopo ya nyumba, zinamruhusu pia kushikilia akiba ya tahadhari isiyozidi sehemu moja ya sita ya malipo ya mwaka, yaani miezi miwili.

Tuweke namba. Mkopo wa dola 280,000, riba 6.5% isiyobadilika, miaka 30: deni la msingi na riba ni 1,769.79 kila mwezi. Kodi 4,200 na bima 1,800 ni 6,000 kwa mwaka, kwa hiyo eskro ni 500. Unalipa 2,269.79. Mwaka unakwisha, kumbe kodi iliyotoka ni 4,620 na bima 2,340, jumla 6,960. Eskro mpya ni 580. Juu yake kuna upungufu: 960 zilizotoka kuzidi zilizoingia, na 160 za kupandisha tahadhari kutoka 1,000 hadi 1,160. Hizo 1,120 ukizigawa kwa 12 ni 93.33. Malipo mapya: 2,443.12.

Sasa fuata ule ushauri wao, andika 2,443.12 kwenye kisanduku cha malipo. Programu inabakiza eskro palepale kwenye 500, na zile 173.33 za nyongeza inazitupia kwenye deni la msingi, kana kwamba umeamua kulipa mkopo haraka! Baada ya miezi 12 inakuonyesha deni limepungua kwa 2,079.96 ambazo hazikupungua, na riba ya kila mwezi inapigwa kwenye salio hilo la uongo. Mbaya zaidi, ukibadilisha kiasi bila kuweka tarehe ya kuanza, nyingine zinarudi nyuma na kuandika upya miezi uliyokwisha kuifunga. Nani aliomba hilo?

Njia isiyoharibu kitu ni hii. Fungua akaunti ya eskro ndani ya programu kama mali, si kama kundi la matumizi, na salio la kuanzia lichukue kwenye taarifa ya msimamizi. Masharti ya mkopo usiyaguse kabisa: riba haijabadilika, muda haujabadilika. Nenda kwenye muamala uliopangwa, ugawe mistari mitatu: deni la msingi, riba, na uhamisho wa 673.33 kwenda akaunti ya eskro. Chagua ibadilishe malipo yajayo tu. Kaunti ikilipwa, andika muamala unaotoka eskro kwenda "Kodi ya Nyumba", kwa tarehe ambayo msimamizi alitoa hela. Bima vivyo hivyo. Na muamala wa benki ukishuka ukiwa mstari mmoja wa 2,443.12, uoanishe na ule uliopangwa. Ukiukubali kama mpya, mgawanyo wote unapotea.

Kwa nini iwe mali? Kwa sababu wanaoorodhesha makato moja moja kwenye kodi ya mapato, badala ya kuchukua punguzo la jumla, wanaruhusiwa kuhesabu kodi ya nyumba iliyofika kaunti mwaka huo, si kilichoingia eskro. Bima ya nyumba unayoishi haikatwi kabisa. Ukiwa umeandika 500 kila mwezi chini ya "Kodi", ripoti inakupa 6,000 wakati haki yako ni 4,620.

Jibu 1
Umesahau ziada ya eskro, mkuu, yaani hela iliyobaki kupita inayotakiwa. Ikifika dola 50 na malipo yako hayako nyuma, msimamizi lazima airudishe ndani ya siku 30 tangu apige hesabu. Hundi ikiingia benki, programu inaiita mapato! Si mapato. Ni uhamisho kutoka eskro.
Halafu kagueni mpangilio wa riba. Mikopo mingi ya nyumba hupiga riba kwa mwezi, mwaka ukigawanywa kwa 12. Kwenye 280,000 hiyo ni 1,516.67. Programu ikiwa imewekwa kupiga kwa siku, mwezi wa siku 31 inatoa 1,545.75. Tofauti ya dola 29 mtu anailaumu eskro bure.

Jibu 2
Na hao wanaolipa upungufu wote kwa mkupuo halafu wanashangaa kwa nini malipo hayajarudi 2,269.79? Upungufu ukifikia eskro ya mwezi mmoja au zaidi, msimamizi hawezi kukulazimisha kulipa papo hapo; anaweza kuudai kwa mafungu sawa, kwa muda usiopungua miezi 12. Hiari ni yako.

Mwenye uzi
Naam. Ukilipa 1,120 kwa mkupuo, malipo yanakuwa 2,349.79, kwa sababu ile 580 iko palepale. Na unapolipa kwenye tovuti ya msimamizi, hakikisha umechagua eskro, maana ukiacha wazi inaweza kupelekwa kwenye deni la msingi. Ndani ya programu pia ni uhamisho kwenda eskro.
Wa mafungu, muamala wa 673.33 uwekeeni ukomo wa mara 12. Hakuna programu itakayokumbuka kuzitoa zile 93.33.