Yakobo wawili, Jacob mmoja: gumzo la kikundi cha ukoo

Baraka: Shikamooni wakubwa. Napanga karatasi ya masomo ya Jumapili, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza. Programu ya kutafsiri imeniandikia kwamba Waraka wa Yakobo ni wa Jacob. Niache hivyo?

Mjomba Elia: Marahaba. Usiache. Huyo kwa Kiingereza ni James. Na Yakobo wa Zebedayo ni James, Yakobo wa Alfayo James, Yakobo ndugu yake Bwana wa Wagalatia 1:19 naye James. Jacob ni yule pacha wa Esau.

Furaha: Mjomba, James na Yakobo wanakutanaje jamani? Hata herufi hazifanani.

Mjomba Elia: Ni jina moja. Shangazi yenu aanzie Kiebrania, mimi nitapokea kwenye Kilatini.

Shangazi Tabitha: Haya. Kiebrania kinaliandika kwa herufi nne: yod, ayin, kof, bet. Vokali hazimo, msomaji anazitia mwenyewe. Ile bet ya mwisho inakuja baada ya vokali, kwa hiyo inalainika na kusomwa v: Yaakov. Kiarabu kilibaki na b, ndipo tukapata Yakubu. Ayin ni sauti ya kooni ambayo Wagiriki hawakuwa nayo, basi ikadondoka njiani.

Shangazi Tabitha: Sasa hapa ndipo penye utamu. Kigiriki hubadilisha mkia wa jina kufuatana na kazi yake katika sentensi. Akitenda ni Iakobos, akitendwa Iakobon, kitu kikiwa chake Iakobou. Lakini babu wa makabila kumi na mawili walimwacha bila mkia, Iakob tu, kama jina la kigeni lisiloguswa. Mitume na watu wa zama zao ndio waliovishwa mkia. Kwa hiyo mgawanyiko umo tayari ndani ya Agano Jipya la Kigiriki, Waingereza hawakuubuni.

Furaha: Kumbe!

Mjomba Elia: Kilatini kikafuata hivyo hivyo: Iacob kwa babu, Iacobus kwa mtume. Vinywani mwa watu Iacobus akageuka Iacomus. Furaha, funga midomo useme "ba", kisha useme "ma". Midomo imekaa palepale, kilichobadilika ni pua kufunguka. Ndiyo safari yote ya b kuwa m. Kutoka hapo Waitalia wana Giacomo, Wakatalani Jaume, Wahispania Jaime, na Kifaransa cha kale kikawa na James. Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 ndio waliokuja na Kifaransa hicho. Ile s ya mwisho ni mabaki ya mkia wa Kilatini.

Mjomba Elia: Jacques wa Ufaransa ni tawi jingine la mti huohuo, hakupitia kwenye m.

Mama Neema: Mbona sisi tunaanza na Y na wao na J?

Mjomba Elia: Zamani I na J zilikuwa herufi moja, na mwanzoni mwa jina hili ilisomwa kama y yetu. Wajerumani bado wanaandika Jakob na kusoma Yakob. Kwa sauti ya mwanzo, Kiswahili kiko karibu zaidi na Kiebrania kuliko Kiingereza.

Furaha: Na maana? Mimi nimesikia eti ni "mdanganyifu". Nani atampa mtoto jina hilo?

Shangazi Tabitha: Hayo ni maneno ya Esau akiwa na hasira, Mwanzo 27:36. Mwanzo 25:26 inalifunga jina na kisigino, kwa Kiebrania *akev*, kwa sababu mtoto alizaliwa ameshika kisigino cha nduguye. Baadaye Esau akacheza na mzizi uleule kwa maana ya kumpiku mtu kwa hila. Ni mchezo wa maneno, usiuchukue kama kamusi. Wataalamu wengi wanaona jina lilianza likiwa refu, Yaakub-El, "Mungu na alinde". Majina ya umbo hilo yapo hata nje ya Biblia: kuna mtawala wa enzi za Wahyksos, wageni waliotawala Misri ya kale, aitwaye Yakub-Har, ambaye jina lake limechorwa kwenye mihuri midogo yenye umbo la mdudu.

Baraka: Asanteni. Sasa nipeni kanuni nisikosee karatasi nzima.

Mjomba Elia: Agano la Kale lote, Jacob. Agano Jipya, chukulia James mpaka uone jirani zake. Akitajwa pamoja na Ibrahimu, Isaka au Esau, au ikiwa ni "nyumba ya Yakobo" kama Luka 1:33, rudi kwa Jacob. Ndiyo maana Warumi 9:13 na Waebrania 11 ni Jacob.

Shangazi Tabitha: Na usisahau Mathayo 1:15–16. Baba yake Yusufu mume wa Mariamu naye ni Jacob, kwa sababu Kigiriki kimemwandika bila mkia. Watu wengi huteleza hapo, wanaona Agano Jipya wanaweka James.

Baraka: Kisima cha Yakobo, Yohana 4:6?

Shangazi Tabitha: Jacob. Mwanamke Msamaria mwenyewe anamwita "baba yetu".

Baraka: Na "Yuda wa Yakobo", Luka 6:16?

Mjomba Elia: James. Mkia upo, Iakobou.

Mama Neema: Lugha nyingine nazo zinatenganisha?

Shangazi Tabitha: Waitalia, ndiyo: Giacobbe na Giacomo. Wareno Jacó na Tiago. Wajerumani Jakob na Jakobus. Warusi na Wapoland wako upande wetu, Iakov na Jakub kwa wote. Tiago ananifurahisha: Sant Iago, yaani Mtakatifu Yakobo, liliungana likawa Santiago. Wareno walipolikata upya wakakata pasipo pake, t ya "Sant" ikabaki kwa Iago.

Mjomba Elia: Hamish, jina la Kiskoti, naye ni kituko. Kigaeli cha Uskoti kina Seumas, yaani James, na ukimwita mtu herufi ya kwanza inalainika, s inakuwa h: *a Sheumais*. Waingereza walisikia mtu anavyoitwa wakadhani ndilo jina lake.

Furaha: 😂 Jack naye yumo?

Mjomba Elia: Hayumo. Jack ni kifupi cha John, kupitia Jankin. Na Diego msimwingize haraka, maana maandishi ya Kilatini ya Hispania ya zamani yanamwandika Didacus, si Iacobus.

Mama Neema: Basi mtu wa cheti cha Yakobo akijaza fomu ya Kiingereza aandike James?

Mjomba Elia: Hapana, Mama Neema! Jina la mtu aliye hai halitafsiriwi. Fomu inalinganisha herufi kwa herufi, haijui habari za Iacomus. Yakobo, Yakubu, Jacob na James kwenye karatasi ni watu wanne. Anakili kilichoandikwa kwenye cheti, hata kama kuna herufi iliyozidi, na kama vyeti vyake viwili vinapingana, arekebishe kwanza kimoja.

Furaha: Mbona wafalme wanatafsiriwa?

Mjomba Elia: Ni mazoea ya wanahistoria. Mfalme James aliyerithi kiti cha Uingereza mwaka 1603, yule wa Biblia ya 1611, kwa Kilatini aliandikwa Iacobus. Na wafuasi wa James II, aliyeondolewa madarakani mwaka 1688, wakaitwa Jacobites. Jina la James linapata wafuasi wenye jina la Jacob.

Baraka: Nimesahihisha saba. Imebaki Marko 15:40, "Yakobo mdogo".

Shangazi Tabitha: James. Na "mdogo" iandike kwa herufi ndogo, isije ikasomwa kama jina la ukoo.